Mbwa Mlinzi na Mwenye Mbwa: Historia ya Mapatano ya Kale

MAFUNZO YA WATU WAZIMA KWA REDIO: SOMO LA HISTORIA

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika maneno haya ubaoni, kisha wanafunzi wayasome pamoja mara mbili: mapatano, mnyororo, ukanda, mfugaji, chanjo, kichaa cha mbwa.

  Fungueni vijitabu vyenu, na asiyeona vizuri akae karibu na taa.

Wengi wenu mnafuga mbwa. Mchana analala kivulini, na usiku anabweka. Mtu akikaribia ua usiku wa manane, mbwa ndiye wa kwanza kujua. Ninyi mkiwa bado mnatafuta viberiti, yeye amekwisha fika mlangoni. Lakini je, mmepata kujiuliza swali hili: Mbwa huyo alikubali lini kuwa askari wa nyumba yako? Na wewe, kwa upande wako, ulimwahidi nini?

Leo tutajifunza kwamba kati ya mtu na mbwa mlinzi kuna mapatano ya kale sana. Hayakuandikwa karatasini, wala hayakupigwa muhuri. Mbwa hutoa masikio yake, pua yake, na meno yake. Mtu hutoa chakula, maji, malazi na matibabu. Upande mmoja ukiyavunja mapatano hayo, ulinzi hugeuka kuwa hatari. Historia imetuachia ushahidi wa jambo hili, na sasa tutautazama hatua kwa hatua.

1. Kaburi la Oberkassel

Wataalamu wa wanyama wanatuambia kwamba mbwa wote, wakubwa kwa wadogo, wa Ulaya na wa kienyeji, ni wa ukoo wa mbwa mwitu. Si yule mbwa mwitu mwenye mabaka tunayemwona katika mbuga zetu, bali ni mnyama mwingine, wa rangi ya kijivu, wa nchi za kaskazini.

Mwaka 1914, wafanya kazi waliokuwa wakichimba mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, walikuta kaburi. Ndani yake ilikuwamo mifupa ya mwanamume, ya mwanamke, na ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi. Wakati huo watu walikuwa bado hawajui kulima wala kufuga ng'ombe, lakini mbwa wanaye.

Mbwa yule alikufa akiwa na umri wa miezi 7 hivi. Wataalamu walipoyachunguza meno yake waliona alama za ugonjwa mkali uliompata alipokuwa mdogo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2018. Wanafikiri kwamba mbwa mgonjwa namna ile asingeishi majuma kadha bila mtu wa kumpa maji, kumpasha joto na kumsafisha. Angalieni jambo hili vizuri. Mbwa mgonjwa hawezi kuwinda, wala hawezi kulinda. Hata hivyo watu wale walimuuguza, na alipokufa walimzika pamoja nao. Basi katika ushahidi wa zamani sana tulio nao, tayari tunaona upande wa mtu katika mapatano: nao ni kutunza.

2. Mlinzi wa Mfalme wa Misri

Sasa twende Misri, katika bara letu la Afrika. Huko Giza, penye yale majengo makubwa ya mawe yaitwayo piramidi, mwaka 1935 wachimbaji walioongozwa na Mmarekani George Reisner waligundua jiwe lenye maandishi. Jiwe hilo lilikuwa limechukuliwa katika kaburi la zamani zaidi na kutumiwa tena kujengea kaburi la mtu mwingine. Maandishi yake yana umri wa miaka zaidi ya 4,000.

Maandishi hayo yanamtaja mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw. Cheo chake kimeandikwa pia: alikuwa mlinzi wa mfalme. Alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima. Jeneza lake lilitoka katika hazina ya mfalme. Alipewa nguo nzuri za kitani, ubani na mafuta ya manukato, na waashi wakaamriwa kumjengea kaburi lake.

Jina la mfalme mwenyewe halikuandikwa katika jiwe lile. Jina la mbwa ndilo tunalolijua! Mfalme alikuwa na askari wengi wenye mikuki, lakini aliona kwamba mlinzi huyu wa miguu minne anastahili shukrani.

Ndugu zangu, hapana anayetuambia leo tuwazike mbwa wetu kwa ubani. Tunalojifunza ni hili: aliyelindwa alijua kwamba ana deni.

3. Sheria ya Eshnunna

Deni la mwenye mbwa si kwa mbwa wake tu, bali ni kwa jirani zake pia. Watu wa kale walilijua jambo hili, wakaliwekea sheria.

Katika nchi ambayo leo inaitwa Iraki palikuwa na mji uitwao Eshnunna. Yapata miaka 3,800 iliyopita, sheria za mji huo ziliandikwa katika vibao vya udongo. Vibao hivyo viligunduliwa karibu na Baghdad katika miaka ya 1945 na 1947. Sheria moja inahusu mbwa wa hatari. Inasema kwamba, ikiwa wakubwa wa mtaa wamekwisha mwonya mwenye mbwa, naye asimzuie mbwa wake, kisha mbwa akamwuma mtu hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Uzito huo ni karibu na theluthi moja ya kilo. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo yalikuwa shekeli 15 tu. Hapo twaona udhalimu wa siku zile, kwamba uhai wa mtu mmoja ulihesabiwa kuwa duni kuliko wa mwingine.

Lakini shina la sheria yenyewe ni la haki. Mbwa hasimamishwi mbele ya hakimu. Anayesimama ni mwenye mbwa. Mtu hawezi kusema, "Si mimi niliyeuma, ni mbwa." Wakubwa wa mtaa walikuonya, nawe ukapuuza, basi lipa.

4. Mbwa wa Pompeii

Warumi wa kale walipenda sana mbwa walinzi. Mwandishi wao mmoja, jina lake Columella, aliandika kitabu cha ukulima katika karne ya kwanza. Humo alieleza mbwa wa kulinda nyumba anavyotakiwa kuwa. Alisema afadhali awe mweusi, maana mchana atamtisha mwizi, na usiku mwizi hatamwona. Kuhusu tabia, alisema mbwa asiwe mpole mno, kwa sababu atamtikisia mkia hata mwizi. Wala asiwe mkali mno, kwa sababu atawashambulia hata watu wa nyumbani. Chakula chake kiwe unga wa shayiri na maji ya maziwa yaliyoganda, au mkate uliochanganywa na maji ya maharagwe. Shauri hilo lina miaka kama 2,000, nalo halijachakaa. Badala ya shayiri weka ugali, na kitabu hicho utadhani kiliandikwa kijijini kwenu.

Karibu na wakati huo, katika mwaka 79, mlima Vesuvius ulioko Italia ulilipuka. Majivu na mawe mepesi yaliufunika mji wa Pompeii. Miili ya watu na wanyama ilifukiwa, ikaoza, ikaacha uwazi katika majivu yaliyokuwa yamegeuka kuwa magumu. Baada ya karne nyingi wachimbaji waligundua njia ya kumimina plasta katika uwazi huo. Plasta ikishika, majivu huondolewa, na sura ya yule aliyekufa huonekana kama alivyokuwa.

Katika nyumba moja ya mji huo, sakafuni mlangoni, kuna picha ya mbwa iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Chini yake pana maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni "Jihadhari na mbwa." Nyumba nyingine ilikuwa na mbwa wa kweli. Mwaka 1874 wachimbaji walimimina plasta wakapata sura yake. Amelala chali, mwili umejipinda, miguu iko juu. Shingoni ana ukanda wake. Alikuwa amefungwa mnyororo karibu na mlango. Mawe na majivu yalipozidi kuingia alipanda juu yake, akapanda tena, mpaka mnyororo ukaisha.

Mbwa huyo hakuvunja mapatano. Alikaa mahali alipowekwa. Labda watu wake walikimbia kwa hofu, labda walikufa wao pia. Lakini mtu yeyote anayemfunga mbwa mnyororo na amkumbuke mbwa wa Pompeii. Ukishamfunga kiumbe, umemwondolea uwezo wa kujiokoa. Moto ukiwaka, mafuriko yakija, jua likisogea na kivuli kikahama, chombo cha maji kikipinduka, yeye hana la kufanya. Wokovu wake uko mkononi mwako.

Hapa najua wako wanafunzi wetu, hasa wa pwani, watakaouliza, "Na sisi Waislamu, mbona tunaambiwa tusimweke mbwa nyumbani?" Swali hilo ni jema. Mambo ya tohara mtawauliza masheikh wenu, maana wao ndio wenye elimu hiyo. Lakini katika hadithi za Mtume mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba wametengwa na mbwa wa kufugwa bure. Tena, katika Kurani, Surat al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni wanatajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Na wengi wenu mmesikia hadithi ya mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo kumtendea mbwa mema si jambo geni kwetu.

5. Mkusanya Kodi wa Apolda

 Katika karne ya 19 watu waliwazalisha mbwa kwa mpango zaidi, ili wapate mlinzi wa namna wanayoitaka.

Katika mji wa Apolda, huko Ujerumani, aliishi bwana mmoja aitwaye Friedrich Louis Dobermann. Alizaliwa mwaka 1834, akafa mwaka 1894. Inasimuliwa kwamba alikuwa mkusanya kodi, na tena alikuwa na kazi ya kukamata mbwa wasio na wenyewe mjini. Fikirini hali yake. Mkusanya kodi hutembea peke yake, mfukoni ana fedha, na si watu wengi wanaofurahi kumwona! Alitaka mbwa wa kumlinda yeye mwenyewe njiani. Na kwa kuwa alikamata mbwa wengi, alikuwa na nafasi ya kuchagua. Aliwachagua wenye nguvu, wepesi, wasioogopa, akawazalisha. Hakuacha maandishi ya kueleza alichanganya mbwa gani na gani. Baada ya kufa kwake mbwa wa aina hiyo wakaitwa kwa jina lake, na hata leo wanaitwa Dobermann.

Mbwa wale wa kwanza walikuwa wakali kupita kiasi. Kwa hiyo wafugaji waliofuata walifanya kazi ya kuwachagua wale wenye ukali uliokuwa na adabu. Waligundua lile alilokwisha sema Columella: mlinzi asiyemsikia bwana wake si mlinzi.

Msidhani lakini kwamba mlinzi mzuri lazima atoke Ulaya. Kusini mwa Afrika, Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wao wa kienyeji, ambao manyoya ya mgongoni yamesimama kama mstari, yakielekea mbele. Walowezi wa Kizungu waliuona ujasiri wa mbwa hao, wakawachanganya na mbwa wao. Mwaka 1922, huko Bulawayo, wafugaji walikutana wakaandika sifa za mbwa aliyepatikana kwa njia hiyo. Leo anafugwa nchi nyingi za ulimwengu, naye bado ana ule mstari wa Kikhoikhoi mgongoni. Basi yule unayemwita koko usimdharau. Ana masikio na pua kama wenziwe. Asichokuwa nacho, mara nyingi, ni malezi.

6. Mlinzi Anapogeuka Adui

Sasa tumefika mahali pazito. Adui mmoja huweza kumgeuza mlinzi kuwa muuaji. Jina lake ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia kwa jeraha. Dalili zikisha kuonekana katika mtu, karibu kila mara ni kifo. Mpaka mwaka 1885 watu walioumwa na mbwa wenye kichaa hawakuwa na dawa ya kutegemea; wengine walichomwa jeraha kwa chuma cha moto. Tarehe 6 Julai mwaka huo, mjini Paris, mtaalamu Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa. Mtoto alidungwa sindano za chanjo mpya kwa siku kadha, akapona. Alipokuwa mtu mzima, Joseph Meister alifanya kazi katika taasisi ya Pasteur huko Paris. Kazi yake ilikuwa ya ubawabu: alilinda mlango wa nyumba ile ile iliyotokana na kazi ya mtu aliyemwokoa.

Tangu siku hizo tumekuwa na silaha. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila vifo 100, kama 99 vinatokana na mbwa. Na wanaoumwa mara nyingi ni watoto. Wataalamu wanasema, mkichanja mbwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukaenea. Watu hawakukaa wakilia. Mbwa walichanjwa tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umekatika mara ya pili. Pemba inatufundisha mambo mawili: kwamba inawezekana, na kwamba kazi hii haifanywi mara moja ikasahauliwa.

7. Upande Wako wa Mapatano

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Na mbwa ni vivyo hivyo. Basi shikeni haya.

Kwanza, chanjo. Mpeleke mbwa wako kwa daktari wa mifugo, au siku ya kampeni mnapotangaziwa. Rudia kila mwaka kama unavyoelekezwa, na uitunze kadi yake. Sasa mnajua kusoma: someni tarehe iliyoandikwa humo.

Pili, chakula na maji. Mpe chakula kila siku, na maji safi wakati wote. Mbwa mwenye njaa huacha mlango wako akaenda jalalani, na mwizi humnunua kwa kipande cha nyama. Usimtupie mapafu au maini mabichi yenye malengelenge, kwa sababu humpa minyoo ambayo mayai yake huweza kuwadhuru watu wa nyumbani. Umpe dawa ya minyoo, na umtoe kupe.

Tatu, malazi. Mjengee kibanda kisichovuja, chenye kivuli. Usimfunge mnyororo mchana kutwa na usiku kucha. Mbwa wa mnyororo hujifunza kuchukia kila apitaye, hata mtoto wako. Afadhali ua uliofungwa vizuri.

Nne, mafunzo. Mfundishe angali mdogo: kuja akiitwa, kukaa, kunyamaza akiambiwa. Akitii, mpe kipande cha chakula na umsifu. Mbwa wa kupigwa hujua kuogopa tu, na mwenye hofu huuma. Mzoeshe watoto na wageni wa nyumba, nao watoto wafundishwe kutomchokoza, hasa anapokula.

Tano, jirani. Andika kibao mlangoni, kwa herufi kubwa: MBWA MKALI. Warumi walifanya hivyo, nawe sasa waweza kuandika mwenyewe.

Na mtu akiumwa, sikilizeni sana. Osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile akapate chanjo. Msingoje kuona kama mbwa ataugua. Msipake majivu wala pilipili. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza, au anayeuma bila kuchokozwa, msimkaribie; mpeni habari afisa wa mifugo upesi.

Wanafunzi wetu, mbwa hana ulimi wa kudai haki yake. Hawezi kugoma, wala kwenda mahakamani. Upande wake wa mapatano anautimiza kila usiku, ninyi mkiwa mmelala. Asubuhi ndiyo zamu yenu.

Maneno ya kukumbuka

Mapatano: maneno waliyokubaliana watu wa pande mbili.
Taasisi: nyumba au chama cha kufanyia kazi ya elimu au uchunguzi.
Chanjo: dawa ya kuukinga mwili kabla ya ugonjwa kuushinda.
Bawabu: mlinzi wa mlango.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Alama za meno ya mbwa wa Oberkassel zinatuonyesha nini juu ya watu wa zamani?
2. Katika sheria ya Eshnunna, kwa nini aliyelipa ni mwenye mbwa? Je, kijijini kwenu mwenye mbwa aliyeuma mtu hufanywaje?
3. Kwa nini Columella hakutaka mbwa mpole mno wala mkali mno?
4. Hesabu: Kijiji kina mbwa 200. Wachanjwe wangapi ili wafikie 70 katika kila 100?

Kazi ya nyumbani: Mwandikie afisa wa mifugo wa sehemu yenu barua fupi ya mistari minne. Mwulize ni siku gani mbwa watachanjwa, na ni mahali gani. Mkisha kusahihishiwa na kiongozi wa darasa, barua hiyo ipelekwe kweli.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.